Bembea Iko Stoo, Uwanjani Kuna Viazi

Mpendwa Mama Beth,

Pole na kazi ya kubebeshwa mizigo ya watu. Naomba msaada wako, na kama utaichapisha barua hii tafadhali usitaje jina langu, ingawa watu wa Chaka wakiisoma mpaka katikati watajua tu ni mimi, kwa sababu siku hizi niko midomoni mwa watoto barabarani, na hiyo ndiyo shida yenyewe.

Mimi ni mzee niliyestaafu. Nilikuwa mpishi wa shule ya bweni, nimepikia watoto wa watu githeri, mahindi na maharagwe, mpaka mkono wangu ukazoea mwiko kuliko kalamu, kwa hivyo unisamehe mwandiko. Naishi na mjukuu wangu Wakiuru, msichana wa miaka tisa. Mama yake ni binti yangu Ngendo, anafanya kazi kwa kinu cha mpunga huko Mwea, na kwa muda mrefu hakuwa na pa kumweka mtoto. Tangu Wakiuru aache kunyonya amelala kwangu na kula kwangu, ananiita Guka, yaani babu, na mimi sikuwa nahitaji jina lingine hapa duniani.

Kijiji chetu kiko nyuma ya soko, nyumba za mbao na mabati, chumba kimoja kimoja, watu wa vibarua, wale wa kupakia viazi kwa malori na kufulia watu nguo. Watoto hawakuwa na mahali pa kuchezea ila kando ya barabara ya Nanyuki, lori likipita mama zao wanashika kifua. Sasa palikuwa na kiploti cha umma, mawe matupu, ambapo siku ya soko mfanyabiashara mmoja wa mifugo kutoka Nanyuki anayeitwa Abdirahman alikuwa anapumzisha mbuzi wake. Tukaketi baraza na chifu, tukakubaliana kiwe uwanja wa watoto, tukaunda kamati, na mimi wakanifanya mwenyekiti, ati kwa sababu nimezoea watoto. Abdirahman alipoambiwa hakubishana hata kidogo. Alisema, "Kama ni ya watoto, mbuzi watapata pengine," akawaondoa siku hiyo hiyo.

Na wacha nikwambie ni nani aliyekitengeneza kile kiwanja, Mama Beth, kwa maana hilo ndilo linaninyima usingizi. Ni watoto. Likizo yote ya Agosti mwaka jana waliokota mawe, wadogo kwa wakubwa, wengine kwa ndoo, wengine kwa sketi, na Wakiuru ndiye aliyekuwa nyapara wao, anapiga kelele kuliko chifu. Waliyapanga yale mawe pembeni kama ukuta mdogo, wakasema ni ya watu wazima kukalia wakitazama wakicheza. Jioni alikuwa anakuja na kucha zimevunjika, namwosha vidole kwa maji ya moto, ananiuliza, "Guka, bembea itakuwa na viti vingapi?" Na mimi namwambia viwili, na yeye anasema basi kimoja ni chako.

Griffins, fundi wetu wa kuchomelea vyuma, akatutengenezea bembea na mtelezo kwa vyuma chakavu na michango yetu midogo midogo. Alipomaliza ilikuwa Oktoba, mvua imeanza, akasema nguzo zisisimamishwe kwa tope, tungoje ardhi ikauke. Tukaviweka vyuma kwa stoo yangu. Ni sawa mpaka hapo, ama? Hakuna mtu amekosea mpaka hapo.

Sasa jioni hiyo tukasimama pale kamati yote, tukaangalia udongo. Ulikuwa mweusi, umelowa, mbolea ya mbuzi wa Abdirahman ya miaka mingi imo ndani, hakuna hata jiwe moja. Mama Beth, wewe ukiwa mtu wa huku utanielewa, nilihisi ni kama dhambi. Nikasema, na ni mimi niliyesema, si mtu mwingine, nikasema, "Jameni, shamba zuri hivi likae bure msimu mzima? Si tuweke viazi, msimu mmoja tu, tukingoja Griffins?" Hakuna aliyepinga. Kesho yake asubuhi watu walikuwa na majembe, kila mwanakamati na mistari yake, na seng'enge ikazungushwa ili mbuzi wasiingie, na watoto wakaja na mpira wakasimama nje wakatuangalia. Wakiuru akaniuliza, nikamwambia tukivuna tu. Akakubali. Aliniamini kabisa, hata akanisaidia kuweka mbegu.

Basi tukavuna Januari, na viazi vilikuwa vinono, na kiangazi kikaja na ardhi ikakauka vizuri, na Griffins akaniuliza kama sasa asimamishe, na mwenzetu Watiri, mjane mwenye watoto wanne, akasema Machi si mbali, mbona tusiweke mara moja zaidi, na mimi mwenyekiti nikanyamaza kwa sababu na mimi nilikuwa nimeonja. Tukapanda Machi. Tukapanda tena Oktoba hii. Kuku wangu sasa wanalala juu ya bembea, nikienda kuokota mayai naikuta imejaa kinyesi, nafunga mlango wa stoo haraka.

Watoto walianza kupita chini ya seng'enge, wanakanyaga mistari, na wanakamati wakaniambia, mwenyekiti, wewe unakaa nyumbani, tuangalizie. Nikawa askari wa viazi. Niko na goti bovu la kulia kwa sababu ya kusimama kwa saruji ya jikoni miaka yote hiyo, lakini nilikimbia nalo, nikiinua fimbo na kupiga kelele, "Tokeni kwa waru! Tokeni!" Hiyo waru ni viazi kwa lugha ya kwetu. Nilifanya hivyo karibu kila siku na sikuona aibu, nilijiona mtu wa maana.

Mwezi uliopita nikaona kichwa katikati ya majani, nikaenda mbio, mtoto akateleza mfereji ukamwangusha, nikafika juu yake na fimbo imeinuka, na alipogeuka alikuwa Wakiuru, amekumbatia mpira. Sikumpiga. Mungu ananiona, sikumpiga. Lakini alikifunika kichwa chake kwa mkono, Mama Beth. Mtoto ambaye nilimwosha vidole. Akasema, "Nilikuwa nachukua mpira tu," akainuka, akapanguza magoti, akapita kando ya mistari bila kukanyaga hata shina moja, akaenda.

Tangu siku hiyo hanikosei adabu hata kidogo, na afadhali angenikosea. Ananisalimia kama unavyosalimia mgeni wa mama yako, anakula, anasema asante, anaingia kulala. Haulizi kitu. Neno Guka halitamki tena.

Sasa wiki jana nilikuwa natoka kusaga chakula cha kuku nikakuta watoto kando ya barabara wamechora mistari kwa vumbi, wanaruka ruka juu yake, na mmoja ana kijiti, amevuta kofia mpaka machoni, anachechemea kwa mguu wa kulia akiwafukuza na sauti nzito, na wengine wanakimbia wakicheka mpaka wanaanguka. Ulikuwa mchezo mzuri, nikacheka na mimi! Nikamwuliza kijana aliyekuwa karibu mchezo huo unaitwaje, akanijibu bila kuniangalia, "Guka Waru." Kisha akaniangalia. Wote wakatawanyika kama vifaranga, mpaka ng'ambo ya barabara, na lori likapiga honi ndefu na roho yangu ikaniruka. Aliyebaki peke yake amesimama ni yule mwenye kijiti. Akavua kofia. Ni Wakiuru, na ile kofia ni yangu.

Nilimwambia twende nyumbani, tukaenda, yeye mbele mimi nyuma, na nilikuwa nachechemea na nilijua anausikia ule mguu.

Siku ya soko iliyofuata Abdirahman akapita na mbuzi wake, akasimama kwa seng'enge, akatazama maua ya viazi. Akaniambia pole pole, "Mzee, mimi nilitoa mbuzi kwa sababu ya watoto. Hivi viazi, wewe, ni watoto wa nani?" Nikamwuliza bei ya mbuzi kama mjinga.

Sasa shida iko hivi. Ngendo amepata nyumba ya vyumba viwili Mwea na anakuja kumchukua Wakiuru kabla ya Krismasi, aanze shule huko Januari. Ni haki yake, ni mtoto wake, sikatai. Lakini viazi sasa ndiyo vimetoa maua, havitakuwa tayari mpaka Januari katikati, na mtoto atakuwa ameenda. Nataka aone bembea imesimama, apande hata mara moja. Nikaiambia kamati tung'oe, Watiri akaniwakia, "Wewe mjukuu wako anaenda Mwea kula mchele, wangu wanabaki hapa na mimi, wale maua?" Na anasema kweli. Kijana wangu Peterson ananiambia nimnunulie msichana baiskeli ndogo aende nayo Mwea, atasahau yote. Je, ning'oe kwa nguvu nikosane na kijiji, ama ningoje nivune nimkose mtoto, ama ninunue baiskeli? Na nimwambie nini, kwa sababu kila jioni naketi naye mezani na mdomo unakataa. Naogopa ataenda Mwea, na kule wakimwuliza babu yako ni mtu wa aina gani, atachukua kijiti awaonyeshe.

Ni mimi,
Guka, Chaka.


MAMA BETH ANAJIBU

Guka wa Chaka,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikatafuta kiti.

Kwanza nianze na pole, kwa sababu nikianza na mengine hutafika mwisho. Ninakuelewa vizuri kuliko unavyodhani. Mimi ni mzaliwa wa Kianyaga. Kwetu maharagwe yanafika mpaka mlango wa choo, na ukiacha kipande mbele ya nyumba bila kupanda kitu, majirani wanakuja kuuliza kama kuna mgonjwa. Tumelelewa na watu waliojua njaa, na walitufundisha kwamba ardhi tupu ni uvivu. Kwa hivyo uliposimama mbele ya ule udongo mweusi na mkono ukakuwasha, huo haukuwa uchoyo. Ni malezi.

Lakini malezi hayakuinua fimbo. Hiyo uliinua wewe.

Na kuna neno katika barua yako limenikera. Unasema hakuna aliyepinga. Watoto waliulizwa na nani? Wao ndio waliotoa mawe. Mliwaita baraza lini? Mlichukua kazi ya likizo nzima ya watoto wa maskini mkaifanya shamba lenu, halafu mkawafukuza wao kama wezi. Abdirahman amekuuliza kwa upole, mimi sina upole wake. Ule uwanja haukuwa bure hata siku moja, mzee. Ulikuwa umeshapandwa. Mlichofanya ni kupanda juu ya mazao ya wenyewe.

Tena unaniambia "msimu" kana kwamba ni kitu kidogo. Kwako wewe msimu ni msimu. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi na moja akiokota mawe, sasa ana miguu mirefu na anaona haya kupanda bembea. Huyo umemkosa, hata usimamishe bembea kumi. Sikwambii hivi ili ulie. Nakwambia ili uache kuhesabu kwa viazi.

Baiskeli usinunue. Peterson ni kijana mzuri lakini hilo ni jibu la mtu anayetaka kelele ziishe. Mtoto hakukudai baiskeli, alikudai kiti kimoja cha bembea na akakuachia wewe cha pili. Ukimpa baiskeli atasema asante, kwa ile adabu yake mpya, na utaichukia hiyo asante mpaka kaburini.

Na viazi vya Watiri usiguse. Nimesema usiguse! Yule mama amesema kweli, na watoto wake wanne nao ni watoto. Umeshawanyang'anya uwanja, usiwanyang'anye na chakula ili wewe ulale vizuri. Lakini umeniambia kila mwanakamati ana mistari yake. Hebu niambie, mwenyekiti, yako iko wapi? Mbona katika barua ndefu hivi hukunitajia mistari yako hata mara moja? Unauliza kama ung'oe vya kijiji, kana kwamba vyako havipo. Anza na vyako. Ving'oe kesho, vikiwa vidogo hivyo hivyo, hasara iwe ya kwako peke yako na kila mtu aione. Bembea haihitaji ekari. Mkipima mtakuta inaingia kwenye mistari ya mtu mmoja aliyeamua.

Toa kuku kwenye ile bembea. Ioshe wewe mwenyewe, usimtume mtu. Mwite Griffins umwulize kama nguzo zinaweza kushikiliwa kwa mawe na saruji hata kama ardhi bado ina unyevu; mimi si fundi, lakini mawe naona mnayo, yamepangwa pembeni tangu mwaka jana yakingoja watu wazima wakae. Na seng'enge ikatwe upande huo, watoto waingie bila kuinama. Januari mkishavuna, kamati iketi tena na chifu, na safari hii watoto wawepo, na mseme mbele yao kwamba jembe haliingii pale tena. Watiri mtafutieni kipande pengine. Kijiji kilichopata mahali pa mbuzi wa Abdirahman hakitakosa mahali pa mjane.

Vile viazi vyako vichanga usitupe. Wewe ni mpishi, au umesahau? Vichemshe na maganda yake, pale pale uwanjani, kwa sufuria kubwa, uwaite wale waliookota mawe. Usihutubie. Usikate utepe. Sema maneno machache tu: kwamba uwanja ulikuwa wao, kwamba uliuchukua, na kwamba ulikosea. Usiseme "lakini". Usitaje mvua, wala Griffins, wala goti. Na Wakiuru mwambie kwanza, nyumbani, kabla ya wengine, mwambie kwamba uliinua fimbo na hukupaswa. Usimwulize kama amekusamehe. Hilo ni swali la mtu mzima anayetafuta kupumzika.

Siwezi kukuahidi kwamba atarudi kuwa yule wa kuuliza maswali jioni. Pengine ataenda Mwea bado amefunga mdomo. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wako ana miaka tisa na anachechemea kwa makusudi. Lakini kuna jambo moja hukuliona, kwa sababu aibu ilikufunika macho. Mguu ni wa kulia. Kofia ni yako. Sauti ni yako. Mtoto hawezi kumwigiza hivyo mtu ambaye ameacha kumtazama. Angekuwa amekutoa moyoni angecheza mchezo mwingine.

Kwa hivyo bembea ikishasimama, na kabla Ngendo hajafika, nenda pale wanapocheza. Wataanza kukimbia, wewe simama. Waulize kama kuna nafasi ya mtu mmoja katika Guka Waru. Wakikubali, kijiti usishike. Guka tayari wanaye, na ni hodari kuliko wewe. Wewe simama katika mistari pamoja na wengine, ngoja usikie "Tokeni kwa waru," kisha ukimbie, na goti lako hilo hilo.

Mjukuu wako akikufikia, usijifunike kichwa. Mwache akushike.